Mashahidi wote kwenye kesi ya mdogo wangu ni askari. Hakimu huwa anamwamini nani?

Mama Ntilie wa Stendi

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa mliowahi kusimama mahakamani, iwe kizimbani au upande wa pili.

Mdogo wangu ni bodaboda, huku kwetu Kanda ya Ziwa. Mwezi wa tatu alipakia abiria usiku, saa tatu kasoro, jamaa ana begi. Kabla hawajafika wakasimamishwa na askari wawili waliovaa kiraia. Abiria akaruka, akapotelea kwenye vichochoro, begi likabaki limening'inia kwenye keria. Ndani bangi, wanasema kilo mbili. Basi mwenye begi akawa mdogo wangu.

Leo kesi imeanza kusikilizwa. Mashahidi waliotajwa ni wanne: askari wawili waliomkamata, askari mtunza vielelezo, na mtu wa kwa Mkemia Mkuu. Raia wa mtaani hakuna hata mmoja. Yule askari wa kwanza keshatoa ushahidi. Kasema begi mdogo wangu alilivaa kifuani, abiria hakuwepo kabisa, na wao waliona vizuri kwa mwanga wa taa ya barabarani. Taa gani jamani? Ile nguzo iligongwa na fuso tangu kabla ya Krismasi. Mimi napita pale kila alfajiri na ndoo ya maandazi, namulika na simu nisikanyage mtaro.

Hakimu akamgeukia mdogo wangu: "Una swali kwa shahidi?" Akajibu, "Sina, mheshimiwa." Nilikuwa benchi la nyuma, nikatamani ardhi inimeze. Tulipotoka nikamuuliza mbona hukusema chochote? Ananiambia, "Dada, yule si afande? Nitamuuliza nini?"

Stendi kila mtu ananiambia neno la askari mahakamani limeshapita, nisijisumbue. Swali langu ndilo hilo. Kisheria, askari akisimama pale anaaminiwa kuliko mtu wa kawaida? Tarehe nyingine ni baada ya wiki mbili. Wakili hatuna.

Chuma Ulete

Dada okoa nauli yako. Kesi ya askari na raia ni mechi ambayo refa kavaa jezi ya wenyeji. Uzeni pikipiki, muongee na watu vizuri, yaishe.

Stafu Mstaafu

Mwanangu Mama Ntilie, huyo hapo juu mpite kama unavyoipita ile nguzo. Ukishauza pikipiki na kuongea na watu, utakuwa na kesi mbili badala ya moja, na ya pili itakuwa ya kwako mwenyewe.

Nimevaa kombati miaka thelathini na mbili, nimestaafu nikiwa stafu sajenti. Nimetoa ushahidi mara ambazo idadi yake siikumbuki, kesi za kuku hadi za mauaji. Nikwambie kitu ambacho vijana wangu hawatakipenda: askari anayesubiri kuitwa ndani ana wasiwasi kuliko mshtakiwa. Mshtakiwa anakumbuka usiku mmoja, tena anaukumbuka wote, mpaka mbwa aliyebweka. Askari amekamata watu wengine mia baada ya huyo. Anachokumbuka ni jalada. Asubuhi ya kesi mnakaa pembeni, jalada linafunguliwa, kila mtu anasoma maelezo yake, na mara nyingine ya mwenzake pia. Ndiyo maana ushahidi wetu unafanana kama sala ya darasani: "Nikiwa doria na mwenzangu tulipata taarifa kutoka kwa raia mwema…" Huyo raia mwema, mwanangu, amekamatisha watu wengi kuliko askari yeyote ninayemfahamu, na hajawahi kufika mahakamani hata kuomba maji ya kunywa.

Hakimu wimbo huo anausikia kila wiki. Haumshtui wala haumlazi. Anasubiri mtu auguse.

Miaka ya tisini nilikuwa shahidi wa kwanza kwenye kesi ya bangi. Nikaapa, nikasema tulimkuta mshtakiwa na misokoto kumi na minne. Hati ya ukamataji, ile karatasi ya kuorodhesha kilichokamatwa, inasema kumi na minne. Wakili wa upande wa pili, mzee mmoja mfupi mwenye suti ya kaki, akaomba bahasha ifunguliwe. Karani akaimwaga mezani, akaanza kuhesabu mmoja mmoja kwa sauti. Kumi na moja. Akarudia. Kumi na moja. Mimi niliipeleka stoo ikiwa kumi na minne, nakuapia mbele ya wajukuu zangu. Nani alipitia stoo sijui, ingawa nilikuwa na mtu wangu ninayemdhania. Hakimu aliniangalia juu ya miwani bila kusema neno, akaandika muda mrefu sana. Yule kijana alitoka siku ya hukumu. Sikusema uongo, lakini nilishuka pale nimelowa jasho mpaka mkanda.

Hiyo ilipita. Ipo nyingine ambayo haijapita.

Mchuuzi wa dagaa, tulimkamata njiani na furushi. Giza, mvua inanyesha, karatasi ingelowa. Hati ya ukamataji niliijaza kituoni, juu ya kaunta, chai pembeni. Lakini mahali pa kuandika ilipojazwa niliandika pale tulipomkamatia, na saa nikaweka ya pale. Kila mtu alifanya hivyo. Mahakamani nikaapa kwamba niliijaza palepale mbele yake, akasoma, akasaini. Hakimu akamuuliza: una swali? Yule bwana akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. "Sina." Swali moja tu lingenimaliza: afande, mvua ile ilikuwa inanyesha, mbona karatasi yako kavu? Akafungwa miaka mitatu. Furushi lilikuwa lake kweli, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba kile kiapo kilikuwa cha uongo na kilipita laini kama siagi, kwa sababu aliyekijua alikuwa ananiogopa kama mdogo wako anavyomwogopa huyo afande.

Sasa sikiliza. Askari wa pili hakuwa ndani wakati mwenzake anatoa ushahidi, mashahidi hukaa nje. Kwa hiyo hajui wa kwanza alijibu nini nje ya jalada, na mambo madogo hayamo kwenye jalada. Mdogo wako amuulize hayo madogo. Mlisimama upande gani wa barabara. Nani alizima pikipiki. Begi lilivuliwa na nani, kwa mkono upi. Hati iliandikiwa juu ya nini, tanki la pikipiki au paja la mtu? Mlimulika na nini? Akisema tulimulika na tochi, anyamaze kidogo, halafu aulize: kama taa ya barabarani ilikuwa inawaka, tochi ya kuandikia ilikuwa ya nini?

Asimwambie "wewe mwongo". Hakimu hapendi, na afande akitukanwa anajikaza. Aulize taratibu kama mtu anayeuliza njia.

Wakili wa Mkoani

Nimemsoma Stafu mara mbili, na kwa kweli natamani ningekutana naye akiwa bado kazini. Niongeze upande wa sheria, na mahali pamoja nimpinge.

Jibu fupi kwa dada: hapana, sheria yetu haina daraja la mashahidi lenye askari juu na mama ntilie chini. Mahakama ya Rufani ilisema kwenye shauri la Goodluck Kyando, lililomo kwenye ripoti za sheria za 2006, kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa na ushahidi wake kukubaliwa, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kutomwamini. Kila shahidi. Hiyo inamlinda afande, na inakulinda wewe ukipanda kusema kuhusu nguzo.

Hizo sababu nzito zinapatikana wapi? Watu wengi wanadhani hakimu anamsoma mtu usoni, kama anatetemeka au hatetemeki. Hapo afande mzoefu atakushinda, maana amefanya hivyo mara mia. Lakini kuna shauri la Shabani Daudi, Rufaa ya Jinai Namba 28 ya 2000, ambalo mimi huwa natembea nalo. Mahakama ya Rufani ilisema mwonekano wa shahidi kizimbani ni kazi ya hakimu aliyemwona, ila kuaminika kunapimwa pia kwa njia nyingine mbili: je, maneno yake yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na je, yanakaaje ukiyaweka pembeni ya ushahidi wa wengine, pamoja na wa mshtakiwa. Hizi mbili hata majaji wa rufaa wanaweza kuzifanya wakiwa Dodoma au Dar es Salaam wakisoma karatasi tu. Ndiyo maana kila swali mdogo wako analouliza lina thamani hata kama hakimu wa leo hatalijali. Linaandikwa. Asipouliza, hakuna cha kusoma.

Na hapa ndipo panaponitia wasiwasi kwenye hadithi yako. Mahakama zetu zimeshika msimamo kwamba usipomhoji shahidi juu ya jambo fulani, unachukuliwa umelikubali. Ule "sina, mheshimiwa" si unyenyekevu, ni kama kusaini. Kwa sasa kwenye kumbukumbu za kesi, mdogo wako amekubali kwamba taa ilikuwa inawaka.

Hatujachelewa lakini. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumwita tena shahidi aliyekwisha kushuka ili aulizwe zaidi. Tarehe ijayo, kabla askari wa pili hajaanza, mdogo wako anyooshe mkono aombe shahidi wa kwanza arudishwe, aeleze kwamba hana wakili na hakujua maana ya kutouliza. Hakimu halazimiki kukubali, ila ombi lenyewe litakuwa limeandikwa. Aseme kwa Kiswahili bila aibu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, asitafute maneno ya filamu.

Ninapompinga Stafu ni hapa: asikupe matumaini kwamba hati kuandikiwa kituoni peke yake inaua kesi. Haiui. Tofauti ndogondogo za mashahidi mahakama huzisamehe, inataka zile zinazogusa mzizi. Kukosekana kwa raia shuhuda nako husamehewa kama mazingira yalikuwa ya dharura, na kumpekua mtu barabarani si sawa na kuingia nyumbani kwake. Tena hakuna idadi ya mashahidi inayotakiwa, mtu anaweza kufungwa kwa shahidi mmoja, na huyo mmoja akawa askari. Kwenye kesi yenu mzizi ni begi lilikuwa la nani. Taa ina maana kwa sababu ndiyo iliyowaonyesha, kwa maneno yao, kwamba abiria hakuwepo. Msiwasumbue na rangi ya soksi.

Naomba unijibu mambo mawili. Hati ya ukamataji imesainiwa na nani na nani? Na maelezo ya onyo, yale anayoandikisha mshukiwa polisi, mdogo wako alichukuliwa saa ngapi baada ya kukamatwa? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji, kuongeza kuna utaratibu wake.

Chuma Ulete, nawe ujue: Januari 2006 polisi walitangaza kwamba wameua majambazi Dar es Salaam. Tume ya Jaji Kipenka ikaja kusema walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva teksi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa wa polisi kwa mauaji hayo. Ilichukua miaka kumi, nakubali. Ila refa jezi aliivua.

Mtu wa Likoni

Poleni jirani. Sisi huku Kenya mambo ni hayo hayo ila sheria ya maungamo imekazwa kidogo. Kifungu cha 25A cha Sheria yetu ya Ushahidi hakikubali ungamo alilolichukua karao yeyote tu. Sharti liwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu, tena asiwe yule anayeichunguza kesi, na mshukiwa awe na mtu wake aliyemchagua. Kwenu nasikia koplo anatosha?

Na msisahau kisa chetu cha Mavoko. Juni 2016 mwendesha boda aliyekuwa amemshtaki polisi kwa kumpiga risasi alitoka mahakamani na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi, wakatekwa, wakauawa wote watatu. Maafisa wakahukumiwa baadaye, lakini watu wa boda huku bado wakimwona afande kizimbani koo hukauka. Kwa hiyo mimi simlaumu huyo kijana kusema hana swali. Simlaumu hata kidogo.

Stafu Mstaafu

Koplo anatosha, ndiyo. Nilikuwa koplo mimi, nimeyachukua hayo maelezo. Tuyaache kwa leo.

Mama Ntilie wa Stendi

Shikamoo Stafu. Asanteni wote, nimesoma nikiwa nakanda unga, simu yote imejaa ngano.

Chuma Ulete, pikipiki unayoniambia niuze iko kituoni kama kielelezo, halafu ni ya mkataba, si yetu. Mwenyewe anapiga simu kila Ijumaa.

Wakili, majibu. Maelezo alichukuliwa kesho yake baada ya adhuhuri. Nakumbuka kwa sababu nilimpelekea wali wa mchana wakaniambia subiri, bado anaandikisha, wali ukapoa. Hati ya ukamataji ina sahihi ya askari mmoja, ya mdogo wangu, na ya mwenyekiti wetu wa mtaa. Sasa mwenyekiti nilimfuata jana nyumbani. Anasema walimletea karatasi asubuhi, yeye anapiga mswaki uani, wakamwambia kijana wako mmoja tumemkamata, tusainie hapa. Akatema povu, akasaini. Begi hajaliona mpaka leo. Hati inasema alikuwepo saa tatu usiku.

Wakili wa Mkoani

Dada, hapo umeshika mzizi. Huyo mwenyekiti upande wa mashtaka hawakumweka kwenye orodha yao, na sasa tunajua kwa nini. Nendeni mkamtafute msaidizi wa kisheria hapo wilayani, ofisi ya ustawi wa jamii wanawafahamu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua, na hawatozi. Mwambieni kuhusu mwenyekiti na kuhusu zile saa. Maelezo ya onyo yakitaka kutolewa kama kielelezo, mdogo wako apinge hapohapo kabla hayajapokelewa. Yakishapokelewa ni kama maziwa kwenye chai.

Mama Ntilie wa Stendi

Mrejesho, wakuu. Tumetoka mahakamani leo.

Mdogo wangu aliandika maswali kwenye kiganja kwa kalamu, jasho likafuta nusu. Aliomba yule wa kwanza arudishwe. Mwendesha mashtaka akapinga, hakimu akasema atatoa uamuzi tarehe ijayo.

Halafu akapanda yule wa pili. Mwanzo alikuwa sawasawa na mwenzake, neno kwa neno, mpaka raia mwema wa Stafu alitajwa nikataka kucheka. Taa ya barabarani nayo ikatajwa. Akaulizwa hati iliandikiwa wapi. Akasema juu ya siti ya pikipiki. Mkimulika na nini, afande? Akasema na taa ya mbele ya pikipiki, tuliigeuza. Mdogo wangu kimya kidogo, kama Stafu alivyomfundisha, mpaka nikadhani amesahau. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana: sasa mliandika juu ya siti ya pikipiki ipi, na iliyomulika ilikuwa ipi? Maana pale palikuwa na moja.

Hilo hakulitoa kwenu, kalitoa mwenyewe.

Afande akasema zilikuwa mbili. Hakimu akainua kichwa, akamwambia rudia, akaandika. Hayo tu. Sura yake sikuweza kuisoma.

Mwenyekiti amekubali kuja upande wetu zamu ya utetezi ikifika, ila anataka aitwe kwa samansi, asionekane amejipeleka mwenyewe. Stafu, samansi inaombwa siku hiyohiyo kwa hakimu au naenda masijala kabla?

Stafu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mdogo wako aiombe kwa hakimu, mbele ya wote, ataje jina na mtaa. Masijala mtaenda kuifuata ikishaandikwa. Na huyo mwenyekiti mwambie asiizungumze kilabuni.

Pikipiki mbili! Nimemsimulia mke wangu.